Radhi ya mama haiuzwi kwa laki tatu

*Shikamoo mama. Nina miaka 31. Nilikuwa Muscat, kazi za ndani, mama yangu alipofariki Pangani. Aliugua siku nne tu. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri. Mimi nilioneshwa jeneza kwa simu likitoka mlangoni, mtandao ukakatika. Niliruhusiwa kuondoka baada ya miezi miwili. Mara ya mwisho tulipoongea tulikosana: alitaka nirudi, mimi nilikuwa nimeshasaini mkataba mwingine ili tumalizie nyumba, maana bati tulikuwa tumeshaezeka na alikuwa amehamia. Sasa ni miezi kumi. Alfajiri namsikia akiniita jina langu la utotoni. Siku nyingine nyumba inanukia udi na hakuna aliyechoma. Kuna mtaalamu nimempata mtandaoni, anasema mama hajapumzika, ana neno na mimi na hana radhi. Anataka laki tatu na khanga ya mama isiyofuliwa ili amwite aongee nami. Khanga ninayo. Kaka yangu anasema nimeanza kuchanganyikiwa. Pia nina ujumbe wa sauti wa mama, alinitumia siku mbili kabla hajafa, sijaweza kuufungua hadi leo. Je, ni mama kweli ninayemsikia? Nimlipe huyu mtu? Na khanga niifue?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama palepale mtandao ulipokatika, jeneza likiwa mlangoni.

Naanza na fedha kwa sababu hiyo ndiyo yenye haraka. Usitume. Usitume hata elfu kumi ya "kufungua njia". Khanga nayo usiitoe. Sababu nitazieleza, lakini kama unasoma hapa simu ya kutumia pesa iko mkononi, iweke chini kwanza.

Kaka yako naye nimjibu hapahapa. Hujachanganyikiwa. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha aliyoyasikia kwa wajane na wagane 293 wa eneo alilofanyia kazi. Karibu nusu yao walimwambia wamewahi kuhisi mwenzi wao yupo, au kumsikia, au kumwona, na wachache hata kuguswa naye. Wengi hawakuwa wamemsimulia mtu yeyote, na baadhi yao waliogopa kitu kinachofanana na unachokiogopa wewe, kuchekwa. Na wengi walisema jambo lile liliwasaidia. Miaka miwili kabla yake watafiti wa Japani walizungumza na wajane 20 wa Tokyo ambao waume zao walikufa kwa ajali za magari. Wajane 18 kati ya hao 20 walisema wamehisi mume yupo. Wale hata hawakushtuka sana, kwa sababu nyumba nyingi za Kijapani zina kimadhabahu cha marehemu wa familia, mahali pa kumwekea chai na kumsalimu asubuhi.

Mimi mwenyewe nilianza kazi kama muuguzi wodi ya wanawake, na kwa miaka 22 sasa nakaa na wafiwa. Ningewahesabu walioniambia "nimemsikia", ningechoka. Wavuvi, walimu, sheikh mmoja, mama wa kanisani aliyekuwa akisikia bakora ya mumewe ikigonga sakafu saa ya kwenda kuswaki. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mgonjwa wa akili.

Tazama jinsi inavyokuwa. Ubongo hausubiri sauti ifike ndipo uitambue, bali huitangulia na kukisia kinachokuja. Masikio yako yamefundishwa sauti moja kuliko sauti zote za dunia, na tena kwa saa maalumu. Mtoto aliyelelewa Pangani aliamshwa na nani alfajiri aswali, achote maji, ajiandae shule? Basi ile dakika ya kati ya usingizi na kuamka, ubongo unafika kwenye saa yake na kuikuta sauti pale ilipozoea kukaa. Na udi pia una sababu yake. Harufu ina njia fupi kuliko kuona au kusikia kwenda sehemu za ubongo zinazoshika kumbukumbu na hisia. Kitu kidogo tu, moshi wa jirani, nguo iliyokaa kabatini, kinatosha kumfungulia mama mlango.

"Je, ni mama kweli?" Mwanangu, elimu yangu inaishia kwenye masikio yako. Naweza kukueleza kinachotokea upande huu, ndani ya mtu aliyefiwa. Kusimama kwenye mpaka wa barzakh, ule ulimwengu wa wafu wanaongoja Kiyama, nikakuambia nani anapita na nani hapiti, siwezi, na anayekuambia anaweza kwa malipo mche. Kuhusu roho ilipo, muulize mwenye elimu ya dini unayemwamini. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni hiki: sauti inayokuita kwa upendo, kwa jina la utotoni, bila kukuamrisha ubaya, huna sababu ya kuikimbia wala kuitafutia mganga. Ukiisikia, itika. Sema, "Abee mama, nimeamka." Kisha nenda kaswali.

Kuna wakati wataalamu wenzangu wangenikemea kwa ushauri huo. Kwa miaka mingi, wakimfuata Sigmund Freud, tabibu wa nafsi wa Vienna, na makala yake ya mwaka 1917, walifundisha kwamba mfiwa hana budi kumwachia marehemu aende zake, akate kamba, aelekeze moyo kwingine, na asiyekata ndiye mgonjwa. Lakini Freud mwenyewe binti yake Sophie alifariki mwaka 1920, na miaka tisa baadaye alimwandikia rafiki aliyefiwa na mwanawe kwamba pengo lile halizibwi na chochote, na kwamba ndivyo inavyopaswa, kwa sababu ndiyo njia ya kuendeleza upendo ambao hatutaki kuuacha. Ilibidi ingojwe hadi mwaka 1996, ndipo Wamarekani watatu, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, wakaweka wazi waliyoyakuta kwa wafiwa wengi: watu hawakati uhusiano na marehemu wao. Wanaubadilisha. Wanaongea naye, wanamwomba ushauri, wanamwekea nafasi, na maisha yao yanaendelea vizuri tu.

Bibi zetu hawakuhitaji kungoja mwaka 1996. Marehemu John Mbiti, mwanatheolojia Mkamba wa Kenya, alipotaka kuieleza dunia habari za wafu wa Kiafrika alichukua maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Alisema mtu akifa haendi zamani papo hapo. Anabaki kwenye sasa maadamu yupo hai anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, hapo ndipo anapozama zamani. Na jirani zetu wa kaskazini ya Vanga, Wamijikenda, wanaijua koma, roho ya marehemu inayomjia ndugu usingizini ikilalamika kwamba imesahauliwa. Mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu huchongewa kigango, nguzo ya mti yenye nakshi, husimikwa, na familia hukusanyika kummwagia tembo na kuzungumza naye kwa jina.

Si kwamba nakutuma ukachonge nguzo. Wewe ni Mwislamu na una njia zako. Nataka uone kitu kimoja katika desturi hizo zote: wanaozungumza na marehemu ni wanawe na ndugu zake, mchana kweupe, pamoja, na chakula kipo. Mgeni asiyemjua mzee hawekwi katikati. Nguzo zenyewe walikuja watu wakaziiba na kuziuza. Mwaka 1985 mzee mmoja alipigwa picha amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake, na muda si mrefu vikatoweka. Kimoja kilikutwa katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, Marekani, na kilirudi kijijini mwaka 2007. Familia ile ilikuwa imehesabu misiba na shida zake zote tangu siku vilipong'olewa. Kwa hiyo biashara ya huzuni za watu si ngeni, na haikuanza na huyo wako wa mtandaoni.

Sasa nimzungumzie yeye. Biashara yake kwa sura tunayoijua leo ilichipuka mwaka 1848 katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wawili, Kate na Maggie Fox, waliposema kuna roho inayowajibu kwa kugonga. Watu wakamiminika. Miaka 40 baadaye, mwaka 1888, Maggie alipanda jukwaani mjini New York mbele ya umati, akaonyesha kwa mguu wake jinsi walivyokuwa wakialisha viungo vya vidole vikatoa ule mlio. Mwaka uliofuata aliyakana maungamo hayo. Lakini hata baada ya maungamo, vikao vya kuita roho viliendelea, vikavuma zaidi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa nini? Sababu mojawapo ni kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imekataza maiti za askari kurudishwa kutoka Ufaransa na Ubelgiji. Mama hakuosha, hakuzika, hakuona kaburi. Hata huku kwetu, wabeba mizigo wa jeshi waliotuachia jina la Kariakoo walikufa kwa maelfu na maelfu, na mama zao hawakuonyeshwa pa kumwaga machozi.

Unaona sasa kwa nini huyo mtu amekupata wewe. Hukumwona. Ambaye hakumwona marehemu wake anabaki na mlango uliofunguliwa nusu, na mlango wa nusu huo ndio anaousimamia mwenye kuuza.

Nikusimulie habari moja. Julai 1913 Harry Houdini, yule mtumbuizaji wa Marekani aliyekuwa akifungwa pingu na minyororo akajifungua, alikuwa kazini Copenhagen telegramu ilipomfikia kwamba mama yake amefariki. Alimpenda mama yule kupita kiasi. Mwaka 1922 rafiki yake Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyemtunga Sherlock Holmes, ambaye naye alikuwa amefiwa na mwanawe Kingsley mwaka 1918, alimkaribisha katika kikao mjini Atlantic City. Mke wa Doyle akashika penseli, mkono ukaanza kwenda wenyewe, kurasa kumi na tano za maneno matamu kutoka kwa mama. Houdini alikaa akitamani kwa moyo wote iwe kweli. Lakini ukurasa ulianza na msalaba, na mama yake alikuwa Myahudi, mke wa rabi. Na barua yote ilikuwa Kiingereza safi, lugha ambayo mama yule hakuimudu. Miaka minne iliyobaki ya uhai wake Houdini aliitumia sana kuwafichua wanaojidai kuita wafu.

Mke wa Doyle sidhani alikuwa tapeli, aliamini anachofanya. Ndiyo maana habari hii inaniuma: hata mwenye nia njema, akijiweka katikati yako na mama yako, anakuletea mama ambaye si wako.

Na huyo wako hana hata nia njema. Amekuambia mama "hana radhi", nawe umetetemeka ukajiuliza amejuaje. Hakujua. Hakuna mtoto aliyekuwa mbali mama akafa asiyeogopa suala la radhi. Kwa mtu wa Pwani hilo ndilo jeraha, yeye ameliwekea kidole tu. Utaona akiendelea: "Namwona ameshika kifua." Nani anayekaribia kukata roho pumzi isimwie nzito? "Naona herufi M, au H." Familia gani ya Pangani haina Mwanahamisi, Mwanaidi, Halima au Hamisi? Ukisema hakuna, atakuambia ni wa upande wa bibi, wewe hukumkuta. Halafu kuna ile picha ya mama uliyoiweka mtandaoni na watu wakaandika pole chini yake. Nenda kaisome tena kama mgeni. Shangazi yako mmoja, nakuhakikishia, amekutaja kwa jina lako la utotoni. Ukishalipa laki tatu mama atakuwa "ameanza kuja" lakini amezuiwa, itahitajika mbuzi mweusi, kisha mafuta ya kutoka mbali, kisha "tuma kwa namba hii". Ujumbe wake usiufute. Namba yake itume kwenda 15040, ndipo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wanapopokea taarifa za matapeli, na kama kuna fedha zimeshakwenda, peleka ushahidi polisi.

Sasa radhi yenyewe. Huyo bwana anaizungumzia kama stakabadhi, kwamba kama mama hakuiandika siku ya mwisho basi haipo. Radhi haiji hivyo. Kuna khanga ya zamani imeandikwa "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi", na akina mama wengi wanaivaa jikoni. Inaombwa kila siku na inatolewa kila siku, katika "haya nenda mwanangu, Mungu akutangulie" ya kila simu. Mama yako amelala chini ya bati ulilolinunua kwa jasho lako kwenye nyumba za watu. Waulize majirani alikuwa akisema nini mvua ikinyesha na haivuji. Mnakosana kwa simu kwa sababu gani? Kwa sababu anataka urudi. Mama asiye na radhi hakuiti nyumbani. Ugomvi ule ulikuwa wa mapenzi pande zote mbili: yeye anakutaka wewe, wewe unamtakia nyumba. Umekatika katikati kama mtandao ulivyokatika, na hilo linauma, wala sitalipunguza. Lakini maana yake si laana.

Katika mapokeo ya dini yako kuna mtu aliyesimama ulipo wewe. Saad bin Ubada, sahaba wa Madina, mama yake alifariki yeye akiwa hayupo. Alipokwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuuliza amwite vipi mama aongee naye. Aliuliza: mama yangu amefariki nami sipo, je, nikimtolea sadaka itamfaa? Akajibiwa, ndiyo. Saad akalitoa shamba lake. Kuna mapokeo mengine kwamba alichimba kisima akasema, hiki ni cha mama yake Saad. Hiyo laki tatu uliyoiandaa haijatoka bado, si ndiyo? Ina kazi. Kwa Kiswahili cha nyumbani, unaweza kumpelekea mama kitu, na anayepokea risiti si mganga. Mabomba, misahafu, ada ya mtoto yatima wa mtaani kwenu, chagua kile ambacho yeye angekisifu.

Pia nenda Pangani. Najua umeshakwenda, umelisomea kaburi. Nenda tena kwa kazi nyingine: kasikilize. Wewe ulikosa matanga, ulikosa hitima, ulikosa arobaini, yaani ulikosa zile siku ambazo watu hukaa mkekani wakisimulia marehemu alivyoondoka mpaka moyo ukakubali. Siku nne za mama umezipata kwa vipande vya simu. Kaa na kila aliyekuwepo mmojammoja. Alikula nini siku ya kwanza? Nani alimshika kichwa? Alimtaja nani? Na zaidi ya wote mtafute aliyemwosha.

Nilikuwa na binti kama wewe, yeye alikuwa Nairobi. Miezi minane hakuwahi kulia, alikuwa mkavu tu na mikono inamtetemeka. Nikamwambia akamtafute muoshaji. Bibi yule alikuwa ameinama anachagua mchele, hakuacha hata kuchagua. Akamwambia, "Mama yako alikuwa mwepesi. Maji nilimpasha moto kidogo, kulikuwa na baridi. Nywele zake nilizisuka mikia mitatu, nikazilaza nyuma. Alikuwa na mvi nzuri." Binti akaangukia ule ungo wa mchele akalia mpaka magharibi. Baadaye aliniambia, "Sasa nimemzika." Bibi yule alimletea mama yake kwa kweli, kwa sababu mikono yake ilimgusa.

Halafu ongea na mama mwenyewe. Nasema hivi kwa utulivu kabisa kama mtu wa tiba. Kaburini una salamu yako, salamu ya kuwasalimu watu wa makaburini, nawe unajua kwamba salamu husemwa kwa mtu. Baada ya dua, kaa. Mwambie ulichotaka kumwambia siku ile. Kule Otsuchi, mji wa pwani ya Japani, mzee mmoja aitwaye Itaru Sasaki aliweka bustanini mwake mwaka 2010 kibanda cheupe cha simu, ndani simu ya zamani isiyo na waya uendao popote, apate kuzungumza na binamu yake aliyefariki. Machi 2011 tsunami ikapiga, mji ule ukapoteza karibu mtu mmoja katika kila kumi, wengi wasionekane tena. Watu wakaanza kupanda kilima kuja kwenye simu ile. Maelfu wamekuja tangu hapo. Wanazungusha namba ya nyumba iliyosombwa na maji, wanasema: umekula? Sisi hatujambo, mtoto ameanza shule. Kila mmoja anajua simu haina waya. Hakuna anayelipa, na hakuna anayejidai kuwajibu kwa sauti ya marehemu. Maneno yanatoka kifuani yanapata pa kwenda, basi.

Kama kaburi liko mbali, andika. Usiandike kwenye simu, nunua daftari la mistari na kalamu. Anza na "Mama," kisha uandike ugomvi wenu wote kama ulivyokuwa, usijipendelee. Ukimaliza, geuza ukurasa, andika jibu lake. Mimi huwapa wafiwa zoezi hilo na kwanza wote hukataa, "nitakuwa najitungia." Jaribu. Utashangaa jinsi mkono unavyojua. Unamjua anavyoanza sentensi, unajua atakapocheka, unajua kitu ambacho kamwe hawezi kusema. Barua ya Houdini ilikosea lugha ya mama, yako haitakosea. Hayo ni maneno aliyoyapanda ndani yako kwa miaka 31, nami siyaiti mawasiliano na kaburi. Nayaita urithi, na hakuna aliyeachiwa isipokuwa wewe na kaka yako.

Hapa niseme kwa ukali kidogo, kwa sababu nimeshachelewa kwa watu wengine. Sauti ikianza kukuamrisha, ikikuambia umfuate, ujidhuru, au umdhuru mtu, hiyo usingoje nayo hata usiku mmoja. Kadhalika ukiona hulali siku kadhaa, huli, unajisemea heri ningekufa mimi, au kazi na watoto vimekushinda kabisa. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa huzuni isiyoachia, ile inayovuka miezi sita na kupita desturi ya watu wake, ikimshika mtu asiweze kuishi. Umefika miezi kumi, ingawa kwako saa ilichelewa kuanza kwa kuwa hukuwepo. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ulipo, sema wazi: nimefiwa na mama, namsikia, silali vizuri. Wamezoea. Kwenda huko si kukubali maneno ya kaka yako. Mwenye kifua huenda kupimwa kifua.

Nimebakiza ujumbe wa sauti. Nimeuacha mwisho kwa sababu ndio ulionifanya nikujibu kabla ya wengine. Mtu anataka kukuuzia sauti ya mama yako, na sauti ya mama yako umeishika mkononi, haijasikilizwa. Kwanza iokoe: mpe kijana anayejua simu ainakili mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini. Usiisikilize usiku wala peke yako. Chagua siku baada ya alasiri, nyumbani Pangani ikiwezekana, mwite kaka yako, pikeni chai kwanza. Na ujiandae kwa hili: huenda hamna radhi wala kwaheri humo. Alikuwa hajui kwamba anakufa. Huenda anakuuliza kama umekula, au anakuagiza dawa ya magoti, au bado amekasirika kidogo anaendeleza ugomvi. Nimewahi kusikiliza na mfiwa dakika nzima ya mama akilalamikia bei ya samaki. Tulirudia mara nne. Ikikuzidi katikati, simamisha, kunywa chai, endelea kesho.

Na khanga: usiifue bado. Ikunje kavu, iweke kwenye mfuko wa nailoni mzito, funga vizuri, iweke kabatini pasipo jua. Harufu itapungua tu, miezi au mwaka, wala usijilaumu ikiisha. Ukifika wakati unataka kuivaa, ifue mwenyewe kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, uianike kivulini isije ikapauka, na kabla hujaivaa ifukize udi kama alivyokuwa akifanya yeye.